Mafuta ya Ijumaa

Mtu asiyejua mafuta ya majani utamtambua papo hapo. Ukimpa chupa, anaibandika puani na kuvuta pumzi yote aliyo nayo. Machozi yanamtoka, anakohoa, halafu anakuambia yananukia vizuri. Hajanusa kitu, amepigwa tu. Nyinyi vijana, hasa nyinyi wajukuu zangu mnaosomea kemia na kuniuliza kila likizo bibi alifanya kazi gani hasa, anzeni hapo. Chovya kipande cha karatasi, kitikise mbali kidogo na uso, subiri, ndipo unuse. Kiweke mezani uendelee na shughuli zako, kisha urudi. Utakuta harufu nyingine. Urudi tena jioni, utakuta ya tatu. Karatasi ni ileile na mafuta ni yaleyale.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa hiyo. Nimepika mafuta ya mkaratusi, nimepika ya mchaichai, lakini shule yangu ilikuwa saiprasi, mti ambao wengi wenu mnaujua kama ua wa shule au mti wa Krismasi. Nilianza miaka ya sitini, muda mfupi baada ya uhuru, katika kiwanda kidogo kilichokuwa miguuni pa vilima, upande wa juu wa bonde la Lambwe. Ninaposema kiwanda msije mkafikiria mabomba yanayotoa moshi. Lilikuwa banda la mabati, mapipa mawili makubwa ya kupikia, kijito cha maji, na ofisi yenye dirisha moja. Juu yetu kulikuwa na msitu wa saiprasi uliopandwa, na matawi yaliyopogolewa yalikuwa yakiachwa chini yaoze mpaka mwenye kiwanda alipopata wazo la kuyapika.

Mwenye kiwanda alikuwa Mzungu aliyeuza shamba lake kwingineko na kuja kujaribu bahati huku. Tulimwita Bwana Pua, kwa sababu alinusa kila kitu, hata chai yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasira za karibu na Kiswahili cha jikoni, na vyote viwili vilimfika mdomoni kabla ya akili.

Mimi ni Boke, Mkuria. Nimezaliwa karibu na Isebania, mpakani na Tanzania, ambako ukipiga chafya, aliye Sirare upande wa pili anakuambia pole. Nilifika Lambwe kumfuata dada yangu aliyeolewa huko. Dholuo sikuijua, kwa hiyo kila mtu alinisemesha Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake, na mimi nikajibu kwa namna yangu. Niliajiriwa kukata majani pamoja na akina mama wa vijiji vya karibu na wengine waliotoka upande wa Mbita. Tulikuwa tunapanda asubuhi na mapanga, tunashuka na mizigo kichwani, huku tukipunga matawi kufukuza mbung'o. Wenzangu walisema mbung'o hawaipendi harufu ya saiprasi. Sijui kama ni kweli. Mimi waliniuma hivyo hivyo.

Mpishi mkuu alikuwa Jakobo. Tulimwita Jaduong', yaani mzee, kwa heshima, ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa Msabato, tena mzee wa kanisa, mtu wa kanzu ya kazi iliyopigwa pasi. Lakini kabla ya kubatizwa alikuwa mpika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, na si mpika chang'aa wa kubahatisha. Watu walitoka Homa Bay mjini kumfuata. Hakuwa anaficha. Alisema Mungu hakumnyang'anya ufundi wake, alimbadilishia tu cha kutia ndani ya pipa.

Na kweli, ukiliangalia lile banda ungedhani ni kiwanda cha chang'aa. Pipa liko juu ya moto. Mvuke unapanda, unaingia kwenye bomba lililojikunja ndani ya tangi la maji baridi, bomba tuliloliita nyoka, na mwisho wa nyoka yanadondoka matone. Siku moja chifu wa eneo alikuja na askari wake wawili, akiwa ameambiwa Jakobo amerudia mambo yake ya zamani. Hakutaka maelezo. Alikwenda moja kwa moja mdomoni mwa nyoka, akachovya kidole, akalamba. Mafuta ya saiprasi mabichi yakigusa ulimi ni kama umelamba rangi ya mlango yenye pilipili. Alikunywa maji, akanywa tena, na maji hayasaidii kitu, maana mafuta hayaelewani na maji. Jakobo alisimama pembeni na adabu zake zote, akamwuliza kama angependa kuonja na ya pipa la pili. Askari walilazimika kugeuka watazame msitu.

Jakobo ndiye aliyenitoa kwenye kukata majani akanileta bandani, kwa sababu msaidizi wake alikwenda kuvua samaki na hakurudi kazini. Mengi ninayoyajua kwa mikono nimeyapata kwake, nami nawapa nyinyi bure. Majani yakikatwa yaache yanyauke usiku mmoja kivulini, yasiwekwe juani. Usiyashindilie kwa miguu ndani ya pipa. Mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya kwanza nikitaka sifa, nikayakanyaga mpaka yakawa kama godoro la jela, na mvuke ukatafuta upenyo mmoja ukapita hapo hapo, ukaacha majani yote mengine mabichi. Yapange kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, yashikane bila kubanana. Chini weka wavu, ili yasikae ndani ya maji na kuungua. Halafu jizoeze kushika nyoka pale anapotokea kwenye tangi. Akiwa baridi, endelea. Akiwa na vuguvugu, ongeza maji upesi, maana mafuta yako yanakwenda mbinguni na hayatarudi.

Mafuta huelea juu ya maji, hilo mnalijua. Tuliyakinga ndani ya debe lenye mdomo karibu na kitako, maji yakatoka chini na mafuta yakabaki juu. Kisha tuliyachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye kopo lililojaa mpaka shingoni, bila nafasi ya hewa. Kila mpiko ulikuwa na kopo lake. Mimi, kwa ujuaji, niliwahi kuweka chupa ya kioo cheupe dirishani, nusu imejaa, nipate kuutazama urembo wa rangi yake. Baada ya muda yalikuwa mazito, yananata vidoleni, yananuka kama gundi. Bwana Pua alinusa akanitazama kama aliyefiwa. Miaka baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hewa na mwanga vilikuwa vimekula ule upande mwepesi wa mafuta.

Sasa naja kwenye huo upande mwepesi, maana ndio uliotaka kummaliza Jaduong' Jakobo.

Mafuta yetu yalikwenda kwa lori mpaka Homa Bay, yakapakiwa melini kuvuka ghuba hadi Kisumu, na kutoka hapo yakaenda Nairobi kwa watengenezaji wa sabuni. Siku moja makopo kadhaa yalirudi. Si yote, ni baadhi tu, yamechorwa alama nyekundu. Waliyapima huko kwa vyombo vyao wakakuta ni mepesi mno, na neno walilolituma ni kwamba yametiwa tapentaini. Wakasema wakipata tena makopo ya namna hiyo hawatanunua hata tone kutoka Lambwe.

Tapentaini ilikuwepo. Kulikuwa na debe lake stoo, la kulainishia rangi ya mabati, na lilikuwa limebaki nusu. Bwana Pua hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikuja uwanjani saa ya kupima mizigo, akina mama wote wamejipanga na majani yao, akasimama mbele ya Jakobo.

"Jakobo, wewe natia tapentaini ndani ya mafuta yangu. Mafuta mzuri wewe nauza Isebania. Wewe mwizi."

Aliposema Isebania alinitazama mimi. Nilikuwa nikienda kwetu mara moja moja na kikapu changu, na sasa kila mtu alikitazama kile kikapu. Jakobo alivua kofia.

"Bwana, mimi sijatia kitu," alisema.

Basi. Bwana Pua hakumfukuza siku hiyo, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupika, na kwa sababu mnunuzi alikuwa anamtuma mtu wake aje kuangalia. Alisema huyo mtu akishathibitisha, Jakobo ataondoka na polisi. Lakini neno lilikuwa limekwishatoka, tena mbele ya wanawake thelathini wenye waume, mashemeji na majirani. Kufikia Sabato iliyofuata lilikuwa kanisani. Wazee wenzake walimwomba kwa upole akae kwenye mabenchi ya nyuma mpaka jambo lieleweke. Mke wake alianza kwenda mtoni kabla ya wenzake ili asisalimiwe. Waliokuwa wakimtania zamani kuhusu chang'aa sasa hawakutania tena. Walisema aliyezoea kuchanganya pombe hawezi kushindwa kuchanganya mafuta. Mimi nilijua hakutia kitu, kwa kuwa nilikuwa pale pale kila siku, lakini nani angemsikiliza mwenye kikapu?

Mtu wa mnunuzi alifika na lori la majani makavu ya tumbaku lililompa lifti kutoka Migori. Aliitwa Wekesa, kijana wa upande wa Kitale, mfanyakazi wa maabara. Alikuwa na sanduku la mbao alilolibeba mwenyewe kama mtoto mchanga, asitake mtu alishike. Alikuja akiamini kuna wizi, na alitwambia hivyo bila kuzungusha. Hilo lilinifanya nimchukie kwa siku moja, halafu nikamheshimu. Niliwekwa kumwoshea chupa na kumshikia karatasi, na kwa kuwa alikuwa mtu anayezungumza akifanya kazi, nilipata masomo ambayo wengine wanayalipia karo.

Aliniambia mafuta ya majani si kitu kimoja. Ni ukoo mzima umekaa ndani ya jani moja, na kila mmoja ana uzito wake na tabia yake. Yupo alfa-pinini, mwepesi na mwenye haraka, ndiye anayekupiga puani ukifungua chupa. Yupo sabinini, mwenye harufu ya viungo. Yupo limonini, yuleyule wa ganda la chungwa. Yupo mmoja anaitwa umbeluloni, mkali, anayekupa kichwa kuuma ukikaa naye banda limefungwa, na akina mama walikuwa wakimlaumu bila kujua jina lake. Nyuma yao wanakuja wazito, wenye majina marefu ambayo nilijifunza kuyatamka baadaye kabisa, wenye harufu ya mbao za zamani na udongo uliolowa. Hao ndio mwenye sabuni anawalipia, kwa sababu wale wepesi wanaondoka na maji ya kuogea, na wazito ndio wanaobaki kwenye ngozi.

Nilimwuliza tapentaini inaingilia wapi. Akasema tapentaini hutoka kwenye utomvu wa misonobari, na sehemu yake kubwa ni pinini. Kwa hiyo mafuta ya saiprasi yenye pinini nyingi kupita kiasi na mafuta ya saiprasi yaliyotiwa tapentaini, kwa vile vyombo vya mwanzo walivyotumia, yanaonekana mamoja. Chombo chenyewe alikuwa nacho sandukuni. Unatia tone moja kati ya vioo viwili, unachungulia, unaona jinsi mwanga unavyopinda ukipita ndani ya mafuta. Alinipa nichungulie. Sikuona kitu, nikasema nimeona.

Alipima mafuta ya Jumatano yakawa sawa. Alipima ya Alhamisi yakawa sawa. Jakobo alipika mbele ya macho yake siku zote mbili na Wekesa hakumwachia nafasi hata ya kwenda chooni peke yake. Halafu ikafika Ijumaa. Moto uliwashwa asubuhi kama kawaida. Mchana ukapita, na jua lilipoanza kuteremka, wakati siku nyingine ndipo tulipokuwa tunaongeza kuni, Jakobo alianza kuzitoa.

"Mzee, mbona unatoa kuni?" Wekesa akauliza.

"Leo ni Ijumaa. Jua ikizama ni Sabato. Moto lazima ikuwe imekufa na mimi nimeoga."

"Na mafuta yaliyobaki ndani ya majani?"

Jakobo alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu aitwe mwizi. "Hakuna kitu imebaki, kijana. Nguvu inatoka mbele. Nyuma ni maji tu. Hii kazi nimejua wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni."

Naomba mwelewe hapa, maana jambo lote linageukia hapa. Jakobo hakuwa anadanganya wala hakuwa mvivu. Alikuwa anasema ukweli wa chang'aa. Katika chang'aa yale ya mwanzo ndiyo makali, ukiyawashia kiberiti yanashika, na kadiri unavyoendelea ndivyo yanavyopoa mpaka mkia wake ni maji yasiyomlewesha hata kuku. Mpishi mwenye sifa ni yule anayejua kuukata mkia. Jakobo alijua kuukata, na ufundi huo aliuleta kwenye saiprasi. Siku nyingine alipika mpaka jioni kwa sababu tu Bwana Pua aliagiza hivyo, na moyoni aliona tunateketeza kuni bure. Ijumaa, Sabato ilimpa ruhusa ya kufanya anachoamini ni sahihi. Kama mngemwuliza, angewaambia kopo la Ijumaa ndilo bora kuliko yote.

Wekesa alisimama akitazama kuni zinazofuka moshi. Akamwomba azirudishe, wapike mpaka mwisho, aone kinachotoka. Jakobo akakataa. Wekesa akamwambia hiyo huenda ndiyo njia ya pekee ya kusafisha jina lake, na yeye meli yake inaondoka Homa Bay kesho yake. Jakobo akasema amesikia. Basi waendeshe wengine, Wekesa akasema, huyu Boke ni Mkatoliki, hana Sabato.

"Moto nimewasha ni mimi," Jakobo akasema. "Boke akiendelea nayo, ni mimi naendelea."

Nilimkasirikia, nawaambieni ukweli. Nilitamani nimshike mabega nimtikise. Jina langu nalo lilikuwa ndani ya kile kikapu, na yeye anatafuta sabuni ya kuogea! Alimwaga maji juu ya makaa, akatuaga kwa adabu, akaenda zake nyumbani, kwenye kanisa ambalo lilikuwa limemweka benchi la nyuma.

Wekesa akasema basi tufanye Jumapili. Hapo ikawa zamu yangu. Padri alikuwa anafika upande wetu mara moja kwa mwezi, na ilikuwa Jumapili hiyo, na sikuwa tayari kumkosa kwa ajili ya majani. Wekesa alikaa chini juu ya gogo akacheka mpaka akafuta macho. Alisema ameletwa kwenye bonde lenye Jumapili mbili na wiki isiyo na kazi. Lakini alibaki. Aliiacha meli ikaenda, akalala kwa mwalimu wa shule, na hilo sijamsahaulia mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kurudi Nairobi akasema ni tapentaini, na kila mtu angemwamini.

Jumatatu tulipika mchana kutwa. Wekesa hakutaka mafuta yakusanyike pamoja. Kila baada ya muda alibadilisha chupa, akazipanga juu ya benchi kwa mfululizo, nami nikachovya karatasi kwa kila moja. Chupa za mwanzo zilijaa upesi, mafuta meupe kama maji, makali. Za katikati zilipungua. Za mwisho yalikuwa matone, moja, unasubiri, jingine, na yalikuwa na rangi ya chai ya mgonjwa. Jakobo alipita akatazama zile za mwisho akatikisa kichwa kwa huruma, kama anavyomtikisia mtu anayekinga maji kwa ungo.

Wekesa alichukua chupa za mwanzo peke yake, zile ambazo Jakobo angezikusanya siku ya Ijumaa kabla ya kutoa kuni, akazichanganya, akapima. Kisha akapima kopo lililorudishwa na alama nyekundu. Akachungulia hili, akachungulia lile, akarudia. Halafu akamwita Jakobo achungulie mwenyewe. Jakobo akasema macho yake hayaoni vitu vya namna hiyo. Basi Wekesa akampa karatasi mbili, ya mafuta ya mwanzo na ya matone ya mwisho, zilizokuwa zimelala mezani tangu mchana. Ya kwanza ilikuwa haina kitu tena, karatasi tupu. Ya pili Jakobo aliinusa, akaishusha, akainusa tena. Harufu ya mbao za zamani ilikuwa bado imeshika.

"Hii ndiyo nilikuwa naachia majani," alisema kwa sauti ya chini.

Hata hivyo Wekesa hakuridhika na kioo chake. Alisema kioo kinaonyesha kwamba inawezekana, na yeye anataka jambo lisilo na shaka. Alibeba chupa zote kwenda Nairobi, ambako kulikuwa na mashine mpya ya gesi inayoutenganisha ule ukoo mmoja mmoja na kumchorea kila mmoja kilima chake kwenye karatasi. Aliponieleza maana yake nilielewa mara moja, nanyi mtaelewa. Ukiongeza tapentaini, pinini anavimba peke yake na ndugu zake wepesi wanabaki wadogo. Ukikatiza moto, pinini na sabinini na limonini wanakuwa wengi wote pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake ya kawaida, na wanaokosekana ni wale wa nyuma. Makopo yaliyorudishwa, yale ya Ijumaa, yalikuwa hivyo. Hakuna kilichoongezwa. Kulikuwa na kilichokosekana.

Habari hiyo Wekesa aliileta mwenyewe. Aliingia ofisini kwa Bwana Pua wakakaa humo, na baadaye Jakobo akaitwa. Mimi nilikuwa nikifagia chini ya lile dirisha moja, na msiniulize kama palikuwa pachafu. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Bwana Pua alikuwa amemtengea Jakobo chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamwambia mambo yote yamekwisha, amejua hakutia kitu, arudi kazini, na mshahara wake utaongezwa.

Ndipo nikamsikia Jakobo. Hakupandisha sauti.

"Asante, Bwana. Lakini hukuniita mwizi hapa. Uliniitia kule nje."

Nilijua angefukuzwa. Enzi zile mtu hakusema hivyo na kubaki na kazi, uhuru au hakuna uhuru. Nikasikia kiti kikisukumwa. Bwana Pua akatoka, uso mwekundu hadi shingoni, akaenda mpaka uwanjani walipokuwa akina mama na mizigo yao. Akapiga makofi wamsikilize.

"Mimi nasema uongo juu ya Jakobo," alisema. "Jakobo hapana tia kitu. Jakobo hapana mwizi. Boke pia hapana mwizi. Mimi nakosa."

Hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja alishusha mzigo wake chini, akaja akampa Jakobo mkono, halafu mwingine, wakawa foleni kama ya msibani. Jakobo alisema nao kwa Dholuo, kisha akanigeukia akarudia kwa Kiswahili ili nami niipate. Alisema hakuiba, lakini mafuta ya Ijumaa yalikuwa pungufu kweli, na yeye ndiye aliyeyapunguza bila kujua, na anataka hilo nalo lijulikane. Mimi nililia. Sioni aibu kulisema. Ningekuwa mimi nimesafishwa jina, ningenyamaza na hiyo nusu ya pili.

Sabato hiyo walimrudisha mbele kanisani. Lakini Ijumaa ilibaki kuwa Ijumaa. Bwana Pua hakutaka kupoteza siku, na Jakobo hakuwa tayari kupika mpaka jua lizame. Akasema hawezi kumkataza Mkatoliki kazi yake, ilimradi siku hiyo pipa lisiwe chini yake, na moto asiuwashe yeye. Ndivyo nilivyopewa pipa. Wanaume waliopogoa miti msituni walicheka, eti mwanamke atapika mafuta. Nikawauliza chakula walichokula asubuhi kilipikwa na nani.

Ijumaa yangu ya kwanza niliwasha moto kwa mkono wangu. Jakobo alishinda msituni akisimamia ukataji, hakuja bandani hata mara moja. Alasiri akashuka, akaoga kijitoni, akavaa koti lake, akapita njia ya nyumbani. Alipofika kwenye kona alisimama, akarudi mpaka mlangoni mwa banda, akabaki nje. Jua lilikuwa bado juu ya kilima.

"Boke," alisema, "usizime mapema."

"Sitazima, Jaduong'."

Akaondoka. Niliongeza kuni, nikashika nyoka nikamkuta baridi, nikachovya karatasi yangu, nikakaa hapo mpaka harufu ilipobadilika.